Maarifa ya Nchi Yetu: Mlima Hoyo na Mawe Yanayoota

Juma hili hatuna budi kuanza kwa kuungama kosa letu.

Si siku nyingi zilizopita, hapa Bagira, tulikuwa tukiwafundisha vijana habari za milima ya Kongo ya mashariki. Tuliandika ubaoni namna mbili za milima. Namna ya kwanza ni ile iliyotoka katika moto wa chini ya nchi, kama Nyiragongo na Nyamulagira. Namna ya pili ni ile iliyoinuliwa juu wakati nchi ilipopasuka na bonde kubwa likashuka, kama Ruwenzori. Tukapiga mstari chini ya maneno hayo, tukaweka chaki mezani, tukadhani kazi imekwisha. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma akasimama. Kijana huyo si mzaliwa wa Bukavu. Wazazi wake waliondoka upande wa Komanda, katika Ituri, kwa sababu ya vita, naye sasa akaa kwa mama yake mkubwa. Si msemaji. Siku ile akasema: "Mwalimu, kwetu uko mlima mwingine. Haukutoka katika moto. Ndani yake mna vyumba kama nyumba, na mawe yake yanaota."

Darasa zima likacheka. Nasi, kwa aibu twaandika neno hili, hatukuwanyamazisha upesi. Tulimjibu kwamba katika dunia hii huota mihogo, huota na ndevu, bali mawe hayaoti. Kijana akaketi, akainamia daftari lake.

Jioni ile hatukutulia. Tulitafuta vitabu, tukauliza watu waliopata kupita njia ile, na kumbe kijana alikuwa amesema kweli tupu. Mwalimu ndiye aliyestahili kuketi. Mlima alioutaja ni Hoyo. Siku ya pili tulimwomba radhi mbele ya wenzake, tukawaahidi wote kuandika habari zake katika ukurasa huu. Ahadi ni deni, basi na tulipe.

Tukiondoka Bukavu tukashika njia ya kaskazini, twapita Goma, Rutshuru, Butembo, hata Beni. Mbele ya Beni barabara yaingia msituni, yapita Oicha na Eringeti, ikielekea Komanda. Kabla ya kufika Komanda, upande wa mashariki wa barabara, ndipo ulipo Hoyo. Ni mbali. Hata kama tungeruka kama ndege, bila kona wala matope, safari ingezidi kilometa 400. Na huko tumekwisha kuuvuka mstari wa Ikweta. Wale wa Hoyo wako nusu ya kaskazini ya dunia, sisi wa Bagira tuko nusu ya kusini.

Watu husema "Mlima Hoyo" kana kwamba ni mlima mmoja, lakini kwa kweli ni kikundi kidogo cha milima ya mawe ya chokaa, imesimama peke yake pembeni ya msitu mkubwa wa Ituri. Upande wa magharibi ni msitu, msitu, na msitu tena. Upande wa mashariki nchi yashuka mpaka bonde la mto Semliki, ule utokao Ziwa Edward na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Na upande wa kusini-mashariki, ng'ambo ya bonde hilo, ndiko ulikosimama Ruwenzori wenye meta 5,109 na theluji yake.

Mbele ya jirani mkubwa namna hii, Hoyo ni mdogo sana. Kilele chake chafika meta 1,450 hivi juu ya bahari. Wanafunzi wetu waliposikia tarakimu hiyo walishangaa, kwa maana uso wa Ziwa Kivu wenyewe u katika meta 1,460 hivi. Basi kama tungeweza kuuchukua mlima ule pamoja na nchi iliyo chini yake na kuuweka kando ya ziwa letu, kilele chake kingelingana na mitumbwi ya wavuvi! Mtu wa Bagira, aliyezoea kupanda na kushuka kila siku kwa kwenda sokoni, pengine asingeuita mlima. Lakini thamani ya Hoyo haimo katika urefu wake, imo ndani ya tumbo lake.

Yatupasa sasa kueleza jiwe la chokaa ni jiwe la namna gani, maana hapa kwetu ni wachache walioliona. Mawe tunayoyakanyaga Bagira ni meusi, mazito, ni lava iliyopoa, inayoitwa basalti. Na udongo wetu mwekundu, huo unaoshika viatu wakati wa mvua, ni basalti iliyooza kwa jua na maji. Jiwe la chokaa ni tofauti kabisa, kwani halikutoka katika moto, lilitoka katika maji.

Zamani za kale mno, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mahali palipo msitu wa Ituri palikuwa na maji mapana yasiyo na kina kirefu. Katika maji hayo mlikuwa na chokaa iliyoyeyuka, kama vile chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi bila kuonekana. Chokaa hiyo ikajitenga kidogo kidogo na maji, ikatua chini. Baadaye ikafunikwa na matabaka mengine, ikabanwa, ikawa jiwe. Wataalamu wa miamba huyaweka mawe ya Hoyo katika jamaa moja kubwa ya miamba iliyopewa jina la mto Lindi, ambao uko mbali upande wa Kisangani. Na msomaji afikirie neno hili: wakati mawe yale yalipotua, nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja, wala jani, wala unyasi. Mlima ambao leo umezungukwa na msitu mkubwa namna hii, mawe yake ni ya wakati ambapo dunia haikujua mti ni nini. Mbele yake, basalti yetu ya Bagira, ambayo umri wake ni miaka milioni kumi hivi au pungufu, ni mtoto mchanga.

Baada ya miaka isiyohesabika, nchi ya Afrika ya mashariki ilianza kupasuka. Bonde la Ufa likashuka, kingo zake zikainuka, mito ikaanza kukata na kuchukua udongo. Miamba iliyokuwa laini ikaondoka, nayo milima ya chokaa ikabaki imesimama.

Lakini kusimama kwake si kusimama kwa amani. Liko jambo moja linalolila jiwe la chokaa kila siku, nalo ni maji ya mvua.

Wasomaji wetu wa upande wa Goma na Sake wajua neno mazuku. Ni ile hewa mbaya isiyoonekana, itokayo ardhini karibu na milima ya moto na kulala katika mashimo kwa sababu ni nzito. Mbuzi akishuka humo afa, na mtoto vilevile. Hewa hiyo kwa sehemu kubwa ni hewa ya makaa, ambayo hata sisi twaitoa kila tunapopumua, ila kwa kiasi kidogo kisichodhuru. Mvua inyeshapo yachukua kidogo cha hewa hiyo angani. Ipenyapo katika udongo wa msitu, ambamo majani yaoza na mizizi yapumua, yachukua nyingi zaidi. Hapo maji yawa makali kidogo, si kwa ulimi wa mtu, bali kwa jiwe la chokaa. Yaingia katika nyufa zake, yalamba, yayeyusha, yachukua, na ufa uliokuwa mwembamba kama uzi wawa mpana kama kidole, halafu kama mlango, na mwisho kama kanisa.

Ndiyo maana Hoyo una mapango mengi. Mji wa vyumba alivyovisema kijana wetu ni kazi ya maji. Mtu asidhani kwamba mlima ulijengwa ukiwa na uvungu. Ulikuwa mzima, ukaliwa.

Kwa wanafunzi wasioamini kwamba jiwe laweza kuliwa, liko jaribio dogo ambalo tulilifanya darasani kwa gharama ya yai moja na malimau matatu. Ganda la yai ni chokaa ileile. Mtu aweke yai bichi ndani ya bilauri, akamulie maji ya limau mpaka yalifunike, kisha atazame. Mapovu madogo yaanza kupanda. Hayo ni hewa ya makaa itokayo katika chokaa. Tuliliacha mpaka kesho yake, tukabadili maji ya limau mara moja. Ganda likawa jembamba na laini, mahali pengine limekwisha kabisa, ikabaki ngozi tu. Limau lafanya kwa siku moja kazi ambayo mvua yaifanya kwa maelfu ya miaka, lakini kazi ni ya namna moja. (Jiwe jeusi la Bagira tuliliwekea maji hayo hayo. Halikusema neno.)

Sasa twafika kwenye mawe yanayoota.

Maji yaliyokwisha kula chokaa hayakai nayo milele. Yadondokapo kutoka darini mwa pango, yakutana na hewa ya pangoni, nayo ile hewa ya makaa iliyokuwa imejificha ndani yake yatoka, kama mapovu yatokavyo katika chupa ya limonadi iliyofunguliwa. Hewa ikitoka, maji hayana nguvu tena ya kushika chokaa, yaiacha. Kila tone laacha punje ndogo isiyoonekana kwa macho. Tone la pili laacha yake juu ya ile ya kwanza. Hivyo latokea jiwe jeupe lining'inialo kutoka juu kama titi la mbuzi, nalo huitwa stalaktiti. Na mahali pale chini tone linapoanguka, lingine lapanda kumlaki mwenziwe. Hilo huitwa stalagmiti. Mara nyingine yakutana katikati, ikawa nguzo.

Basi mawe yaota. Tulikuwa tumekosa. Yaota polepole tu: mara nyingi sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, pengine zaidi, pengine pungufu, kwa kadiri ya mvua na ya chokaa. Twende kwa hesabu. Sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka ni sentimeta kumi kwa miaka elfu. Jiwe lenye urefu wa rula ya mwanafunzi, yaani sentimeta 30, limefanya kazi miaka 3,000. Kijana atakayelivunja apate cha kuchezea, au mgeni atakayelitia mfukoni awe na kumbukumbu ya safari, amekata kwa pigo moja kazi iliyoanza kabla ya Warumi kuujenga mji wao.

Zamani za utawala wa Wabelgiji wageni wengi walikwenda kuyatazama mapango hayo, na karibu yake ilikuwako nyumba ya kuwalaza. Walikwenda pia kutazama maporomoko ya maji yashukayo ngazi baada ya ngazi katika kivuli cha miti. Wazungu waliyaita Escaliers de Vénus, yaani Ngazi za Vénus, kwa jina la mungu wa kike wa Warumi wa kale. Ni jina zuri kwa tangazo la hoteli. Twasadiki tu kwamba Wambuti, ambao ndio waliozijua njia za msitu ule na kuwaongoza wageni mpaka mlangoni mwa mapango, hawakumngoja Vénus ili wayape maji yao jina.

Tuje kwenye pango moja kati ya hayo, ambalo kwa mawazo yetu lapita yote, ingawa si lazima liwe zuri kuliko yote. Laitwa Matupi.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Ubelgiji, Francis Van Noten, alichimba mlangoni mwa pango la Matupi. Hakuchimba kama mtu atafutaye dhahabu. Aliondoa udongo tabaka kwa tabaka, akauchekecha, akaandika kila kitu kilikuwa katika tabaka gani. Mwaka 1977 alichapisha habari za kazi yake. Katika tabaka za juu palikuwa na vitu vya watu wa karibuni, wajuao chuma na vyungu. Chini yake, kwa kina kirefu, palikuwa na maelfu ya vijiwe vidogo vilivyochongwa na mikono ya watu, hasa vya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu lenye kung'aa. Ni vidogo, vingine havifiki urefu wa ukucha, lakini vina makali. Watu wa kale walivitia katika vijiti au mipini, wakapata visu na vyombo vya kukwangulia. Palikuwa pia na kipande cha jiwe lililotobolewa, lenye mistari iliyochorwa kwa makusudi.

Umri wake ulipimwa kwa makaa ya moto uliowashwa humo. Kila kitu kilicho hai, mti au mnyama, chabeba ndani yake kaboni ya namna moja inayopungua kwa kipimo kinachojulikana: katika miaka 5,730 nusu yake yatoweka. Mti ukifa, hauongezi nyingine. Basi mpimaji aona kiasi kilichobaki, ahesabu miaka iliyopita tangu mti ule kukatwa. Kwa njia hiyo tabaka za chini za Matupi zilionyesha miaka 40,000 na kidogo zaidi.

Tusiipite tarakimu hiyo kwa haraka. Sisi tuliosoma katika shule za misheni, na baba zetu kabla yetu, tulikuta katika vitabu fulani kwamba msitu wa Ituri ni nchi isiyo na historia, mahali ambapo watu waliingia jana tu, wakajificha. Sasa pango la Matupi latuonyesha watu waliowasha moto, waliochonga mawe kwa ufundi, waliochora mistari juu ya jiwe, miaka 40,000 iliyopita. Mapiramidi ya Misri hayajafikisha miaka 5,000.

Na tena mifupa iliyochimbuliwa ilileta habari nyingine. Mingi haikuwa mifupa ya wanyama wa msitu mnene. Ilikuwa ya wanyama wapendao nchi ya nyasi. Wakati ule, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, Afrika ilipata ukame, msitu ukarudi nyuma, na Hoyo ukawa mlima uliozungukwa na mbuga, au mbuga ikawa karibu nao. Msitu tunaouita wa milele ulikwenda, ukarudi. Wawindaji wa Matupi waliyaona hayo yote wakiwa wamekaa mlangoni mwao.

Msomaji atauliza: kwa nini habari hizi zipatikane Hoyo, wala zisipatikane popote katika msitu? Hapo jiwe la chokaa larudi tena. Udongo wa msitu wa mvua nyingi ni mkali. Mifupa iliyolala ndani yake yaoza na kuyeyuka, kama lile ganda la yai katika limau, maana mfupa nao una chokaa ndani yake. Mtu aliyezikwa msituni miaka elfu kumi iliyopita hakuacha hata jino. Lakini penye mawe ya chokaa, ukali wa maji wamalizika kwa kulila jiwe, usibaki wa kuila mifupa. Jiwe lenyewe laliwa kwa ajili ya vilivyo ndani yake.

Si Hoyo tu. Katika Kenya, nyuma ya pwani ya Kilifi, liko pango la Panga ya Saidi, nalo ni la mawe ya chokaa. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba humo wamekuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Mtoto alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa chake inaonekana kiliwekwa juu ya kitu kama mto. Ni kaburi la kale kuliko yote ya watu wa namna yetu yaliyojulikana katika Afrika. Walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Mifupa yake ilikuwa imelegea mno kiasi kwamba walilazimika kulitoa bonge zima la udongo na kulichunguza mbali. Kama ungekuwa udongo wa msitu mtupu, tusingejua kamwe kwamba mama mmoja alilia mahali pale.

Hata karibu na Tanga yako mapango ya Amboni, makubwa na mashuhuri. Lakini hayo ni ya chokaa changa zaidi, ya zamani za mijusi mikubwa iliyotoweka, nasi hatutayaeleza leo.

Turudi Hoyo. Mlima huo uliwekwa kuwa hifadhi, na wanaoutunza ni ICCN, taasisi ya Kongo ya kulinda viumbe na misitu. Katika karatasi, basi, una mlinzi. Lakini wasomaji wajua mambo ya nchi ile. Vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003, mauaji ya upande wa Beni yaliyoanza Oktoba 2014 na kuendelea mpaka Irumu, kisha Mei 2021 serikali ikatangaza utawala wa kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Barabara ya Beni kwenda Komanda imekuwa barabara ya misalaba. Wambuti na Walese na Wanyali na wengine wa pale wamekimbia mara nyingi, wakaacha mashamba. Katika hali kama hiyo nani ataulizia kijiwe cha kwatzi?

Sisi twaulizia, kwa sababu kitu cha namna hii hakiharibiwi na bunduki peke yake. Chaharibiwa na jembe. Mtu akichimba sakafu ya pango apate mavi ya popo ya kutia shambani, au atafute hazina aliyoiota usiku, tabaka za miaka elfu kumi na za miaka elfu arobaini zachanganyika katika tita moja, na hapo hakuna mtaalamu awezaye kuzitenga tena. Kitabu kikiungua, pengine nakala yake iko mahali pengine. Sakafu ya Matupi haina nakala. Moshi wa mienge wayatia mawe weusi. Majina yaandikwayo ukutani hayafutiki. Na siku amani itakaporudi, itakuja na hatari ya pili: saruji. Jiwe la chokaa likichomwa katika tanuru lenye moto wa digrii 900 hivi lawa chokaa ya kujengea. Likichanganywa na udongo na kuchomwa kwa moto mkali zaidi lawa saruji. Wajenzi wa Unguja na Lamu walijenga miji yao kwa matumbawe na chokaa yake. Hatusemi watu wa Ituri wasijenge nyumba! Twasema tu kwamba katika Ituri iko chokaa mahali pengine, na anayetafuta pa kufungua chimbo ana njia ya kuchagua.

Neno moja kwa vijana, wasije wakasema mwalimu aliwatuma mapangoni. Popo wengine wa mapangoni wabeba ugonjwa wa Marburg, ambao ni ndugu wa Ebola. Huko Durba, kaskazini zaidi, kati ya mwaka 1998 na 2000, ugonjwa huo uliwapata watu 154, hasa wachimba dhahabu waliofanya kazi chini ya ardhi penye popo wengi, nao 128 wakafa. Pango lenye popo si mahali pa mchezo, wala popo si wa kushikwa kwa mikono mitupu.

Tulipomaliza somo hili darasani, tulimpa kijana wa Komanda chaki, achore mlima wao ubaoni. Alichora vizuri kuliko sisi: msitu kwanza, halafu mwamba, halafu mlango mweusi. Mmoja wa wale waliocheka akamwuliza, ni nani aliyemwambia kwamba mawe yale yaota? Akajibu kwamba ni babu yake, na ya kuwa babu yake aliambiwa na Wambuti, walipokuwa wakibadilishana nyama na ndizi. Babu alimkataza asiyavunje. Tulimwuliza sababu. Akasema babu hakutoa sababu, alimkataza tu.

Kisha mwanafunzi mwingine, binti, akauliza swali ambalo hatukulitegemea: je, hapa kwetu Kivu ya Kusini hakuna kabisa mawe ya chokaa? Yapo. Upande wa Katana, kaskazini mwa Bukavu, zatoka chemchemi za maji ya moto, na maji ya namna hiyo yafikapo juu na kupoteza hewa yake ya makaa, huacha chokaa mahali pake kama yale matone ya Hoyo. Kwa ajili ya chokaa hiyo kilijengwa kiwanda cha saruji. Ni mawe ya jana tu yakilinganishwa na yale ya Ituri, lakini yaota upesi zaidi, na mtu aweza kwenda na kurudi kwa siku moja.

Habari hizo tutaziandika katika juma lijalo. Wasomaji wa Katana wanaokaa karibu na chemchemi hizo, na hasa wazee wanaokumbuka kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, watuandikie barua kabla ya Alhamisi.